Namna ya kubadilisha muundo wa fuwele kwa mvuke bila kuiyeyusha

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa na fuwele za kampaundi ya shaba na ligandi za kikaboni (ligandi ni molekuli au ioni zinazoshikamana na atomu ya metali), zilizobadilika rangi kila zilipokutana na mvuke wa methanoli. Alitaka kujua kama atomu zilijipanga upya ndani ya fuwele ileile, au fuwele iliyeyuka na nyingine ikaota mahali pake.

Hatua ya 1. Chagua chini ya hadubini fuwele moja safi yenye upana usiozidi milimita 0.2, kwa kuwa iliyo kubwa zaidi hutanuka nje kabla mvuke haujafika ndani, ikapasuka.

Hatua ya 2. Ibandike kwa grisi kidogo ndani ya kapilari ya kioo, yaani mrija mwembamba sana, upime kwa eksirei seli yake ya msingi, yaani kipande kidogo cha muundo kinachojirudia katika fuwele nzima, na uhifadhi uelekeo wake. Mafuta ya kufunikia fuwele, ambayo wengi huyapenda, siyakubali hapa, maana huuzuia mvuke.

Hatua ya 3. Ipitishie mvuke. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilitia methanoli tupu kwenye kichupa, nikaitundika fuwele juu yake na kukifunga hadi asubuhi. Chumba kilipopoa usiku, mvuke uligeuka matone, tone likaifikia fuwele, na nilichopima asubuhi kilikuwa fuwele changa iliyoota kutoka kwenye tone hilo. Kwa hiyo ichanganye methanoli na gliserini kwa ujazo sawa: gliserini haivukizi kirahisi, nayo hupunguza shinikizo la mvuke wa methanoli kiasi kwamba joto likishuka nyuzi chache matone hayatokei. Tahadhari ni kwamba vimiminika vyote viwili hunyonya maji ya hewani, na maji nayo ni ligandi inayoweza kushikamana na shaba. Andaa basi kichupa cha pili chenye gliserini pekee iliyotoka kwenye chupa ileile. Fuwele ikibadilika humo pia, umeona kazi ya maji, si ya methanoli. Chungulia kwa hadubini kila baada ya nusu saa, na kingo zikianza kuviringika, simamisha jaribio, kwa sababu huo ni uyeyukaji.

Hatua ya 4. Pima tena katika halijoto ileile ya mwanzo, kwani kupoza fuwele hadi kelvini 100 (karibu nyuzi 173 chini ya sifuri ya Selsiasi) kunaweza kwenyewe kubadilisha muundo. Katika picha ya eksirei, madoa makali yenye uelekeo unaohusiana na ule wa awali yanaonyesha badiliko lililotokea ndani ya yabisi. Pete zinaonyesha kuwa fuwele imevunjika kuwa chembe nyingi. Kisha ondoa methanoli kwa joto la wastani na upime mara ya tatu, uone kama muundo wa awali unarudi. Kwa mfano, fuwele za kampaundi ya platini zilizoelezwa na kundi la mkemia van Koten wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 2000 ziligeuka kutoka kutokuwa na rangi hadi rangi ya chungwa zilipopokea salfa dioksidi, zikarudi zilivyokuwa gesi ilipoondolewa, bila kupoteza mpangilio wake wa kifuwele.