Kabla hujanunua raba za kukimbilia: pima mguu, bonyeza sponji

Raba za kukimbilia hununuliwa jioni. Mguu wa asubuhi ni mwembamba. Ikifika saa kumi na moja, baada ya kutwa ya kusimama kwenye joto letu hili, umeshavimba kidogo, na hivyo ndivyo unavyokuwa ukishakimbia kilomita tatu nne. Chukua soksi zako za mazoezi uende nazo. Vaa pande zote mbili, funga kamba, tembea, rukaruka palepale. Muuzaji akikwambia "chukua tu yakhe, itapanuka", mrudishie. Ngozi ya makubadhi hupanuka. Raba haipanuki kiasi cha kuviokoa vidole vyako.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima. Weka karatasi sakafuni, sukuma kisigino mpaka kiguse ukuta, simama uzito wote uwe kwenye mguu huo, na mtu mwengine apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, penseli ikiwa wima. Kwa wengine kirefu ni cha pili, si gumba. Fanya miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja unauzidi mwenzake, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa. Tuseme umepata sentimita 26. Ongeza 1 hadi 1.2, kwa sababu mguu husogea mbele kila unapokanyaga. Unatafuta kiatu chenye urefu wa ndani wa sentimita 27 na kidogo, ambacho kwa namba za Ulaya huwa 41 hivi.

Namba peke yake usiiamini. Kwenye ulimi wa kiatu utakuta namba tatu au nne: ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya na ya sentimita. 8 ya Uingereza ni kubwa kuliko 8 ya Marekani ya kiume kwa nusu namba au namba nzima, kutegemea kampuni, na 8 ya Marekani ya kike ni ndogo kuliko ya kiume kwa namba moja na nusu. Wengi wanakumbuka "mimi navaa nane" na kwa hiyo nane wanakwenda nayo. Njia isiyodanganya ni kuchomoa soli ya ndani, kuiweka chini na kuisimamia. Kisigino kikae mahali pake, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na nyama ya mguu isimwagike pembeni.

Hapo pembeni ndipo penye taabu kwa miguu ya kwetu. Mtu aliyekulia kwenye ndara na pekupeku, vidole vyake vimetawanyika, na raba nyingi zinazofika sokoni zimekatwa kwa mguu mwembamba. Upana huandikwa kwa herufi kwenye baadhi ya viatu: D ni wa kawaida kwa wanaume, 2E mpana, 4E mpana zaidi, kwa wanawake B ndio wa kawaida na D ni mpana. Ukiikuta 2E inayokufaa usiiache. Dalili ya kiatu kinachobana ni kidole cha mwisho kukichomoza kitambaa, au vidole kufa ganzi baada ya dakika ishirini. Na usitibu upana kwa kununua namba ndefu. Mguu utateleza mbele, kiatu kitakunja mahali ambapo mguu haukunji, utapata malengelenge na kucha nyeusi vilevile.

Upinde wa unyayo umesemwa kupita kiasi. Ile ya kukanyaga saruji kwa mguu uliorowa, ukitazama alama uone kama una mguu bapa, haina ubaya, itakujulisha umbo lako. Lakini jeshi la Marekani lilijaribu kuwagawia kuruta viatu kwa kufuata umbo la unyayo, na majeraha hayakupungua ukilinganisha na waliopewa kiatu cha aina moja. Kilicho na maana zaidi ni starehe yako mwenyewe: kiatu kinachokuudhi mlangoni kwa duka kitakuumiza kabla hujafika viwanja vya Maisara, hapa Unguja.

Kitu kimoja cha umbo ukitazame: kimo cha kisigino ukilinganisha na mbele. Raba nyingi za mbio kisigino kimeinuka kwa milimita 8 hadi 12. Ukihamia ghafla kwenye iliyo tambarare, mzigo unahama kutoka gotini kwenda shavu la mguu na ukano wa kisigino, na ukano hauzoei kwa wiki moja.

Sasa sponji, na hapa tukae. Kazi yote ya raba inafanywa na ile tabaka laini iliyo kati ya kitambaa na soli ya chini. Kila hatua ya mbio inaushukia mguu kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Sponji inabonyea, kisha inarudi. Ndani yake kuna vijitundu vingi vya hewa, na vikishalala, hairudi tena. Sponji nyepesi ya EVA hufa kwa kulala hivyo. Ile nzito ya poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi hakijavaliwa. Kwa hewa yetu ya pwani, raba iliyokaa kabatini miaka mingi inaweza kuachia soli siku ya kwanza, ikamong'onyoka kama boflo kavu. Kwa hiyo "mpya kabisa, haijavaliwa" si sifa ya kutosha. Viatu vingi vina tarehe ya kutengenezwa kwenye kile kilebo kidogo cha ndani, mwezi na mwaka. Isome.

Tazama mwendo wa jozi moja ya mtumba. Imevaliwa Ulaya na mtu wa kilo 90 anayelalia upande wa ndani akikimbia. Ameikimbilia kilomita mia kadhaa, ameona imechoka, ameitoa. Imefika huku, ikaoshwa, ikapakwa rangi nyeupe ubavuni, ikatiwa kamba mpya, ikapangwa mezani kwenye soko la Darajani. Chini bado ina meno, kwa sababu mpira wa chini ni mgumu na unadumu kuliko sponji. Mnunuzi anaigeuza, anaona meno, analipa. Wiki ya kwanza anaisifu. Wiki ya pili anasikia ugoko unauma upande wa ndani. Maumivu yanaanza na mbio na kupoa akishapata moto. Anachua kwa mafuta ya karafuu, yanapoza, anaendelea. Wiki ya nne hayapoi tena, na ukimbonyeza mfupa kwa kidole anaruka. Wenzake wanamwambia baridi yabisi, wanamwambia umri. Kiatu kipo barazani muda wote huo, kisigino kimepinda, na hakuna anayekigeuza akakitazama kwa nyuma.

Mtumba si haramu, zipo jozi nzuri sana. Lakini zikague kwa mpango huu, na usione haya muuzaji akinung'unika. Ziweke juu ya meza iliyo sawa, inama mpaka macho yawe usawa wa meza, zitazame kwa nyuma: visigino visimame wima, visilale ndani wala nje. Tazama ubavu wa sponji. Mikunjo mingi myembamba iliyolala kama nyuzi ni dalili ya kuchoka. Chomoa soli ya ndani, tia mkono, bonyeza kwa dole gumba pale kisigino kinapokaa. Sponji hai inaingia na kurudi. Iliyokufa ni ngumu kama ndara kuukuu, au inaingia na kubaki. Linganisha upande wa ndani na wa nje, kisha kulia na kushoto. Kama soli ya ndani ina shimo la kidole gumba cha mtu mwengine, jua umbali aliokwenda nayo. Kunja kiatu: kikunje pale vidole vinapoanzia, kisikunje katikati kama karatasi. Mwisho pitisha ukucha kwenye mshono wa soli. Gundi iliyorudiwa na fundi huwa ngumu na imemwagika, na mahali iliporudiwa ndipo itakapoachia.

Kwa jozi uliyoanza nayo ikiwa mpya, hesabu kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 25 kwa wiki ataimaliza kwa miezi mitano hadi saba hivi. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ndani ya ulimi. Ukiweza kuwa na jozi mbili tofauti na kuzipokezanisha, fanya hivyo; utafiti wa Luxembourg uliona wanaopokezanisha viatu wanaumia mara chache kuliko wanaong'ang'ania kimoja, na pia sponji hupata muda wa kukauka.

Kukauka kwenyewe kuna adabu yake. Ukirudi na chumvi na mchanga wa pwani, suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, chomoa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo. Usianike juu ya bati. Jua la saa saba linalegeza gundi na kuikausha sponji, na masika watu wanaua raba nyingi kwa haraka ya kuzikausha.

Njia unayokimbilia nayo ina lake. Barabara imeinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo mguu mmoja uko chini daima. Badilisha upande pale penye usalama. Ufukweni, ngoja maji yatoke, ukimbie kwenye mchanga mgumu, uende na kurudi ili mteremko usiulemee mguu mmoja. Mchanga laini unachosha zaidi shavu la mguu na ukano. Penye mawe ya matumbawe vaa soli nene, wala usijaribu pekupeku.

Kamba nazo: kama kisigino kinapanda na kushuka, tumia lile tundu la mwisho kabisa ambalo wengi wanaliacha wazi. Pitisha kila kamba kwenye tundu la upande wake iwe kitanzi kidogo, vusha ncha ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta kuelekea chini, ndio ufunge. Kaza kwenye kifundo, legeza penye vidole.

Usizivae mara ya kwanza siku ya bonanza la mazoezi la tarehe 1 Januari. Anza nazo kwa kutembea, kisha mbio fupi tatu nne za kilomita mbili tatu, na bado uwe unaitumia ile ya zamani.

Mwenye sukari akague miguu yake kila usiku, kwa mkono na kwa kioo, maana anaweza kuwa na lengelenge asilisikie. Maumivu ya mahali pamoja penye mfupa, yanayokuamsha usiku, ni ya kupeleka spitali, si ya kuchua. Na raba zilizolala nje barazani, hasa wakati wa mvua, zikung'ute kabla ya kutia mguu, kwani tandu anapenda giza na unyevu.