Kivuli cha turubai kwenye mashua ndogo

Turubai langu la kwanza nililikata fupi mno, nikasahau kwamba jua la alasiri huingilia ubavuni. La sasa linashuka hadi karibu na ukingo wa mashua.

Funga henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kwenye ncha ya ule mti wa chini wa tanga, uuinue, kisha uukaze kwa kamba pande zote mbili. Mti huo ukiyumba utakupasua kichwa. Tandaza turubai juu yake.

Pembe ndizo huchanika kwanza. Kunja kitambaa mara tatu, shona, ndipo utoboe na kutia pete ya shaba. Fungia kamba za mpira, si kamba za kawaida: upepo ukivuma za mpira zinavutika. Fito mbili za kukingama, mbele na nyuma, hulitanua turubai.

Upepo ukizidi, livue upesi; liliwahi kushika upepo hadi nanga yangu ikaburutwa.