Kung'oa mtunguja mwitu kwenye malisho ya Karamoja

Mtunguja mwitu, kichaka chenye miiba kinachoitwa etulelo huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ukishatawala malisho ujue nyasi zililiwa kupita kiasi. Ng'ombe huukwepa kwa miiba na uchungu wake, humaliza nyasi zilizouzunguka, nao hubaki peke yake kwenye ardhi tupu. Kuufyeka kwa panga ni kazi bure: mizizi hubaki hai, na mvua ikinyesha huchipua upya.

Hakikisha kwanza kwamba ndio wenyewe. Majani yana rangi ya kijani kinachoelekea kijivu, na ukiyapapasa upande wa chini utakuta manyoya laini. Maua ni zambarau. Matunda ni ya mviringo, sentimita 2 hadi 3, mabichi yana mabaka ya kijani na meupe, yakiiva huwa njano. Usiuchanganye na katunkuma inayoliwa, ambayo huzaa vichala vya punje ndogo zinazoiva nyekundu. Tunda la mtunguja mwitu lina sumu. Watoto wanaochunga waambiwe waziwazi.

Subiri mvua za Aprili na Mei zilainishe udongo. Vaa glovu za ngozi au zungushia mikono gunia. Chimba kulizunguka shina kwa umbali wa sentimita 30, ukitumia sururu pakiwa pagumu, kisha fuata mzizi mkuu na ile inayotambaa pembeni. Usivute kwa pupa, kwani kipande kitakachobaki ardhini kitachipua. Ukiutoa, tazama ncha ya mzizi: ikiwa imekatika na bado ni nene kama kidole, rudi uchimbe.

Kazi hii ifanyike kabla matunda hayajageuka njano. Ukichelewa, yachume kwanza na kuyatia guniani, la sivyo utazimwaga mbegu mwenyewe unapochimba. Miti iliyong'olewa ianike mizizi ikiwa juu, ikikauka ichome pamoja na matunda. Samadi ya mbuzi waliokula matunda hayo isimwagwe malishoni.

Palipochimbwa pasiachwe tupu. Panda nyasi siku hiyohiyo. Nyasi aina ya Cenchrus ciliaris hustahimili ukame, na kilo 5 za mbegu hutosha hekta moja. Fukia kwa sentimita 1 tu, maana zikienda chini zaidi hushindwa kutoboa. Mifugo isiingie hadi nyasi zitoe mbegu. Baada ya wiki 4 hadi 6 pita tena ung'oe machipukizi, udongo ukiwa bado na unyevu.