Kupeleka Mpango wa Kusoma Katika Shule Zote za Wilaya
Tangu Uganda ilipoanza kuondoa karo za shule za msingi mwaka 1997, watoto wengi wameingia darasani, ingawa kuingia si kujua kusoma. Kabla ya kupeleka mpango uliofaulu katika shule chache hadi wilaya nzima, ujaribu kwanza mikononi mwa walimu wa serikali wenye madarasa yaliyofurika, maana unaotegemea wakufunzi wa wafadhili hufa wanapoondoka. Andaa vitabu kwa lugha ya eneo, kama unavyotaka mtaala ulioanza 2007 kwa madarasa matatu ya kwanza. Karamoja, eneo la kaskazini mashariki mwa Uganda lenye lugha nyingine, vitabu vya Kiganda havitasaidia. Pima usomaji wa kila mtoto, si mahudhurio pekee, na uingize gharama katika bajeti ya wilaya mapema.