Kufunga Mtungi wa Hewa ya Ukaa kwa Tangi la Mimea ya Majini Mjini Kigoma

Mimea ya majini hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, na katika tangi la kioo lenye taa kali, mara nyingi kinachopungua kwanza ni hewa ya ukaa. Mtungi wa gesi hiyo huziba pengo vizuri. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi yameandikwa na watu wenye maji laini, ilhali sisi tunachota Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake (kipimo cha uchachu au umagadi wa maji) inakaribia 9, na ugumu wake wa kaboneti, yaani wingi wa kaboneti na bikabonati zilizoyeyuka ndani yake, ni nyuzi 17 hivi.

Kwa hiyo anza na maji kabla ya kununua hata spana. Ikiwa tangi lako lina samaki wa ziwani wanaoishi kwenye mawe, usiwafungie gesi kabisa, kwa kuwa kufikia miligramu 30 za gesi kwa lita, kiwango ambacho wafugaji wengi wa mimea hukilenga, kungeshusha pH ya maji yao hadi karibu 7.2, na wao wamezoea maji ya magadi tangu kuzaliwa. Waoteshee valisneria, ambayo humea yenyewe ziwani na hujua kuchota kaboni kutoka kwenye bikabonati. Kwa mimea mingine na samaki wa maji laini, changanya sehemu moja ya maji ya ziwa na sehemu tatu za maji ya mvua, upate ugumu wa nyuzi 4 au 5. Maji ya kwanza yanayoteremka kutoka kwenye bati yaache yamwagike.

Mtungi uwe umetengenezwa kwa ajili ya gesi hii tu, kama ile inayotumika kwenye mashine za soda au kwa mafundi wa kuchomelea, na tarehe ya kupimwa uimara iliyogongwa shingoni iwe haijapitwa. Mtungi wa gesi ya kupikia hauwezi kazi hii hata kidogo, kwa sababu katika joto la nyuzi 28 hewa ya ukaa husukuma kwa karibu bar 70, nguvu ambayo mtungi ule haukuundwa kuihimili. Usimamishe wima na uufunge kwenye mguu wa meza, kwani ndani yake gesi imekuwa kimiminika, na ukilala, kimiminika hicho huingia kwenye regulata, kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi inayotoka. Uweke mbali na jua, na usiuweke katika chumba cha kulala kilichofungwa, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini bila kunuka.

Regulata nayo iwe ya hewa ya ukaa. Ifunge kwenye mtungi ukitumia washa yake, bila utepe mweupe wa mabomba, kwa kuwa hapo kinachozuia uvujaji ni washa na si nyuzi za skrubu. Legeza kirekebisho cha regulata, funga vali ya sindano (ile ya kuongeza au kupunguza mapovu), kisha fungua mtungi taratibu na upandishe mgandamizo wa kutokea hadi bar 2 au 3. Baada ya regulata hufuata vali ya umeme ya kufungua na kufunga gesi, vali ya sindano, kihesabu mapovu, vali ya kuzuia maji yasirudi na mwishowe kisambazaji cha kauri, ambacho hukaa chini kabisa, mahali mkondo wa chujio utakapoyasukuma mapovu mbali. Tumia mpira wa poliyurethani, maana ule laini wa silikoni hupitisha gesi. Paka povu la sabuni kila kiungo, na palipotoa mapovu pakazwe.

Sasa kipimo, na hapa ndipo nilipoua samaki wangu. Kipima rangi ni kichupa kinachoning'inia ndani ya tangi, chenye dawa ya bromothaimoli inayokuwa ya buluu gesi ikipungua, kijani ikitosha na njano ikizidi. Mimi nilikijaza maji ya ziwa nikasubiri kijani. Kwa ugumu wa nyuzi 17, rangi ya kijani huonekana gesi ikiwa imefika karibu miligramu 130 kwa lita, na kabla ya jioni samaki walikuwa wakihema juu ya maji. Kichupa hicho hujazwa maji ya ugumu wa nyuzi 4 kamili, hata kama tangi lina maji ya aina gani. Yatengeneze mwenyewe: yeyusha gramu 1.2 za soda ya kuokea katika lita 10 za maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Usome chupa vizuri, usije ukabeba asidi.

Anza na povu moja kila sekunde 2, na uongeze kidogo kila siku mbili au tatu, kwani rangi huchelewa saa moja au zaidi kufuata hali ya maji. Joto la huku hupunguza oksijeni majini, hivyo samaki wakipanda juu kuhema, funga gesi na ukoroge uso wa maji mara moja, hata kama kichupa bado ni kijani.

Vali ya umeme iwashwe saa 1 au 2 kabla ya taa na izimwe saa 1 kabla ya taa kuzimika, kwa sababu usiku mimea hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Chagua vali inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Saa ya swichi ya kuzungusha husimama pamoja na umeme, na bila kuirekebisha utakuta gesi inamwagika saa nane ya usiku. Ile yenye betri ndani ni ghali kidogo lakini haina usumbufu huo.

Geji ya mtungi haikuonyeshi kiasi kilichobaki: husimama palepale mpaka kimiminika kiishe, halafu huanguka kwa siku chache. Pima mtungi kwa mizani kila mwezi, na mshale wa geji ukianza kushuka, funga ukajaze, kwa sababu baadhi ya regulata huachia gesi ya mwisho yote kwa mkupuo.