Kwenye ratiba ya ujenzi, andika kila kazi inasubiri nini

Ratiba nyingi za nyumba zina tarehe tu: plasta wiki ya tatu, marumaru wiki ya tano. Fundi mmoja akichelewa, hakuna anayejua nani mwingine kakwama. Ongeza safu moja pembeni ya kila kazi: "inasubiri nini?"

Plasta inasubiri mabomba ya umeme na ya maji yaliyozikwa ukutani, na ya maji yawe yameshapimwa kwa presha. Ukitanguliza plasta, fundi umeme atarudi na tindo, na kiraka chake mara nyingi huonekana hata baada ya rangi. Vipimo vya madirisha ya alumini navyo vinasubiri plasta ya kingo. Plasta ya sentimita moja na nusu kila upande inatosha fremu igome kuingia.

Wengi hupotea kwenye kusubiri kusiko na fundi. Zege la slabu kesho yake huonekana limekauka, lakini lataka kumwagiliwa angalau siku 7, na mirunda, yaani nguzo zinazoishikilia slabu kwa chini, hukaa hadi siku aliyotaja mhandisi, mara nyingi 14 hadi 21. Zipe siku hizo mstari wake kwenye ratiba, kama kazi nyingine yoyote.

Tofautisha pia "inasubiri kazi" na "inasubiri mtu". Kama chumba kimoja kinasubiri kingine kiishe kwa sababu fundi wa marumaru ni mmoja, fundi wa pili anamaliza tatizo. Zege haliharakishwi na fundi wa pili.