Somo: Mtoto mkubwa anayejinyea, tuangalie tumbo kabla ya fimbo

Wazazi wenzangu, leo naomba fimbo tuiweke chini. Mtoto wa miaka saba au tisa anayerudi kutoka shule amechafua nguo, kisha akaificha chupi chini ya godoro, mara nyingi si jeuri wala mvivu. Amefunga choo.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea
Huenda siku moja choo kigumu kilimuuma, au choo cha shule hakina mlango, akaamua kubana. Choo kinachobanwa hukauka, kesho yake kinauma zaidi, naye anazidi kubana. Wiki zinapita, utumbo wa mwisho unatanuka mpaka hausikii tena kwamba umejaa. Kinyesi laini cha juu hupenya pembeni ya kile kilichogota na kuvuja. Mtoto hana habari. Hata harufu ameshaizoea. Ndiyo maana akisema "sijui, mama", anasema kweli.

Wengi tukiona kinachovuja tunadhani anaharisha, tunampa dawa ya kufunga tumbo. Hapo tunamziba kabisa!

Hatua ya 2: Mpeleke akapimwe
Daktari atampapasa tumbo. Mzigo wa zamani hutolewa kwanza, kisha mtoto hupewa dawa ya kulainisha choo, kama laktulozi, kila siku kwa miezi. Wengi tunakosea hapa: choo kikilainika wiki ya pili tunaacha dawa, wakati utumbo bado umetanuka. Na tafadhali, msimpige bomba la maji ya sabuni nyumbani, yanaunguza utumbo.

Hatua ya 3: Akae chooni kwa ratiba
Dakika 5 hadi 10 baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Kwenye choo cha kukalia, miguu ikanyage kigoda, magoti yapande. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri tayari, ila usiku giza humtisha, basi mshikie tochi. Msifu kwa kukaa, hata kama hakikutoka kitu.

Hatua ya 4: Chakula
Maji ya kutosha, papai, mchicha, maharage, dona badala ya sembe. Maziwa yasiwe ndiyo mlo wake.

Hatua ya 5: Akichafuka
Aoge, mloweke nguo pamoja, bila kelele. Ndugu zake wasimpe majina. Mwalimu wa darasa aombwe amruhusu kutoka bila kunyoosha mkono, na nguo ya akiba ikae kwenye begi.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, wangu ana miaka 8. Alikuwa msafi tangu mdogo, ameanza ghafla mwezi huu, na choo anapata kila siku.
Asante kwa kuuliza, mama. Apimwe hata hivyo. Kuhama, msiba au ugomvi wa nyumbani huweza kuleta hali hii. Lakini pia kaa naye faraghani, umuulize taratibu kama kuna mtu anamgusa au anamtisha. Ukiona anamwogopa mtu fulani au analalamika maumivu sehemu za siri, usisubiri: hospitali, na dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Wangu anakojoa kitandani pia. Ni mambo mawili?
Mara nyingi yanahusiana. Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, na choo kikitibiwa mkojo nao huweza kupungua.

Dalili gani zisisubiri?
Kutapika huku tumbo limevimba, damu kwenye choo, kukonda, miguu kulegea, au shida iliyoanza tangu kuzaliwa.

Baba yake anasema namdekeza. Nimwambieje?
Mwambie aende nawe kliniki, naye aweke mkono pale daktari anapopapasa. Kinyesi kilichogota mara nyingi husikika kama bonge gumu upande wa kushoto chini ya kitovu.